Chungwa Linalonywea Njiani: Asili Yake Imo Mtini



Wengi wetu tuna michungwa kati ya mikarafuu, na twaijua hasara ya tunda linalonywea kabla ya kuuzwa. Soko la mbali ndilo hasa huidhihirisha. Chungwa la Muheza, mkoani Tanga, likipelekwa Buzuruga, jijini Mwanza, husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Likiwa mtini, maji yanayotoka ngozini hurudishwa na mizizi. Likishachumwa, hutoka bila kurudishwa. Likipoteza kiasi cha 5 katika kila 100 za uzito wake, ngozi huanza kunywea, na mnunuzi hulipita.

Kinachozuia maji ni utando mwembamba wenye nta juu ya ngozi. Utando huo hutengenezwa na seli za ngozi kwa maagizo ya jeni, yaani vinasaba ambavyo mti umevirithi. Ndiyo maana matunda ya miti miwili, yaliyochumwa siku moja na kutiwa tenga moja, yaweza kukauka kwa kasi isiyo sawa.

Ushahidi ulio wazi watoka Hispania. Huko, mchungwa wa aina ya Navelate ulipata badiliko la jeni pasipo kufanywa na mtu, ikatokea aina iitwayo Pinalate, yenye matunda ya manjano. Pinalate ina upungufu wa asidi ya absisiki, homoni inayouarifu mmea kwamba maji yanapungua. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba ghalani Pinalate hupoteza maji upesi kuliko mzazi wake. Mwaka 2012 walionyesha kwamba jeni zinazoamka Navelate inapoanza kukauka, katika Pinalate huamka kwa udhaifu.

Basi sisi tufanyeje? Mwenye kubebesha miche huhamisha jeni za mti mama kama zilivyo, nzuri na mbaya. Usichague mti kwa utamu peke yake. Chuma matunda 10 kwa kila mti, yenye ukubwa na uivu sawa, uyakate pamoja na vikonyo. Yaweke kivulini mahali pamoja, uyapime siku hiyo na baada ya siku 7. Rudia msimu wa pili, kwani hali ya hewa nayo hubadilisha mambo. Mti wenye afya, ambao matunda yake hupungua uzito kidogo, ndio wa kukatia vijiti vya kubebeshea.

Wala tusiiharibu nta kwa kusugua matunda, kuyatupa au kuyaacha juani.

Mwenye mizani na alete hesabu zake mkutanoni, tulinganishe.