Mzigo Mzito Ushuke Kwanza

Soko la Wakulima, ambalo wakaazi wa Nairobi wamezoea kuliita Marikiti, huamka kabla ya alfajiri, na matatu zikiwa bado hazijaijaza barabara ya Jogoo, mikokoteni iliyosheheni viazi, vitunguu na kabeji huwa imekwisha shika njia ya Kaloleni, Makongeni, Maringo na Jericho, ikivutwa na mahamali ambao petroli yao ni chai na chapati. Aanzie duka gani, amalizie lipi? Swali hilo la hamali ndilo walilolishughulikia George Dantzig na John Ramser mwaka 1959, walipoandika juu ya malori ya kugawa petroli vituoni. Na hata leo halina jawabu jepesi, kwa maana maduka 10 yaweza kuzungukwa kwa taratibu 3,628,800 mbalimbali, na yakiwa 15 taratibu hizo hupita trilioni moja.

Kwa miaka mingi wataalamu walitafuta zaidi njia iliyo fupi. Lakini ufupi wa njia si dhamana ya wepesi wa kazi, kwani katika barabara tambarare, kwa mwendo wa pole, nguvu ya kulivingirisha gurudumu hulingana na uzito uliolielemea. Tuchukulie, mathalan, kwamba hamali ana magunia 6 ya viazi ya duka moja na magunia 2 ya vitunguu ya duka la pili, kila gunia kilo 50. Kila duka liko kilometa 3 kutoka sokoni, na baina yao ni kilometa 2. Aanzie popote, atakwenda kilometa 8 zile zile. Hata hivyo, akitangulia kushusha viazi, atazivuta kilo 100 tu baina ya maduka. Akitangulia vitunguu, atazivuta kilo 300 kwa masafa hayo hayo, mzigo mara tatu ya ule, bila faida yoyote. Mwaka 2011 Tolga Bektaş na Gilbert Laporte waliuingiza uzito wa shehena, pamoja na mwendo wa gari, katika hesabu za njia, wakabainisha kwamba njia fupi kuliko zote si lazima iwe ndiyo itumiayo mafuta machache.

Kusimama nako kuna gharama. Nyuma ya mkokoteni huning'inizwa kipande cha tairi kuukuu, na hamali akitaka kusimama huinua mikono ya mbele hadi tairi likwaruze lami. Nishati yote aliyoitia katika mwendo hugeuka joto na kupotea, naye hana budi kuitia upya. Kwa hiyo njia ndefu kidogo isiyo na msongamano yaweza kumfaa kuliko ya mkato ipitayo stendi ya matatu, na wanaotunga programu za kugawa bidhaa mjini humu wangefanya insafu kuwauliza watu hawa kwanza.

Katika bohari za Enterprise Road kanuni ya kupanga kipi kishushwe kwanza huanzia mlangoni, kwa kuwa shehena itakayoshushwa mwisho hutangulia kupakiwa. Njia ikibadilishwa lori likiwa limekwisha jaa, vijana watalazimika kushusha nusu ya mzigo kando ya barabara, huko Umoja au Kayole, ili waufikie mfuko mmoja wa sukari, na huku injini inanguruma. Ndiyo sababu hesabu ya njia na hesabu ya kupakia hazina budi kufanywa pamoja, kabla gunia la kwanza halijainuliwa.