Gari kuukuu la msiba: Vipuri hutafutwa kwa namba, si kwa jina

MSIBA hausubiri gereji. Gari la abiria likiharibika, abiria hushuka wakapanda jingine. Gari la kubebea maiti likikwama njiani, kaburi limekwishachimbwa na wafiwa wamekaa wanasubiri. Kwa sababu hiyo, anayefanya biashara hii kwa gari la zamani hana budi kujua vipuri vyake vitatoka wapi kabla havijahitajika.

Kwa Mwandiga suala hili lina uzito wake. Hapo ndipo barabara itokayo Kigoma mjini inapogawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Manyovu, mpakani mwa Burundi. Ndugu wanaochukua mwili mjini na kuurudisha kijijini hupita hapo. Kwa mazishi ya jirani jeneza huweza kubebwa mabegani, lakini kwa safari ndefu gari hukodiwa, na safari hizo ndizo zinazolichosha.

Chukua mfano wa Land Rover ndefu ya 109, toleo la tatu, lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ni gari linaloweza kutolewa viti vya nyuma na kuwekewa jukwaa la jeneza. Bodi yake ni ya alumini, kwa kuwa gari hilo lilipoanza kuuzwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Chesesi yake, hata hivyo, ni ya chuma, na kutu huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Vipuri vya aina tatu

Mwenye gari kama hilo afahamu kwamba vipuri vyake viko katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya kununua: beringi, sili za oili, mikanda ya feni, plagi na mipira ya rejeta. Hapa wengi hupoteza fedha kwa kuuliza "kipuri cha Land Rover ya zamani" na kujibiwa kwamba hakipo. Beringi huwa na namba iliyogongwa ubavuni. Beringi yenye namba hiyo hiyo kamili huwa na vipimo vile vile, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine au iliwekwa kwenye trekta. Sili nayo hupimwa kwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Kwa hiyo andika namba na vipimo kwenye daftari, kisha mpe anayekwenda Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam. Reli ya Kati peke yake hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,200. Kipuri kisichofaa kikifika Kigoma, nauli imepotea na gari bado limelala.

Fungu la pili ni vya kutoa kwenye magari yaliyokufa: milango, bawaba, vioo, gia boksi na difu. Mkweche uliosimama nyuma ya nyumba ya mtu waweza kuwa ghala la vipuri. Kabla ya kulipa, zungusha kwa mkono kila kinachozunguka, na angalia kama oili iliyobaki ina maji au unga wa chuma.

Fungu la tatu ni vya kutengeneza hapa hapa. Bushi na pini hukerezwa na fundi wa mashine, na mabano ya chuma huchomelewa. Tahadhari moja: boliti nyingi za gari hilo ni za inchi, si za milimita. Boliti ya milimita huweza kuanza kuingia, ikakwama na kuharibu meno ya nati.

Pasipochezewa

Kuna sehemu ambazo hazikubali ubunifu wa gereji bubu, nazo ni breki na usukani. Raba za silinda za breki zisisafishwe kwa petroli, dizeli wala oili ya injini, kwani huvimba na breki kukamata au kukataa. Zisafishwe kwa mafuta ya breki yenyewe. Zikichakaa, hununuliwa mpya.

Matengenezo madogo ya nyuma

Gari la msiba lina matatizo yake ambayo lori halina. La kwanza ni kuoshwa mara kwa mara kwa dawa. Dawa yenye klorini hula metali. Baada ya kuitumia, sakafu isuuzwe kwa maji mengi na ikaushwe. Penye alumini iliyogusana na chuma, weka rangi na kipande cha raba katikati, maana unyevu ukikaa hapo alumini huliwa haraka.

La pili ni mpira wa mlango wa nyuma. Ukichakaa, vumbi huingia, na moshi wa ekzosi hunyonywa hadi walipokaa ndugu wanaosindikiza. Gharama yake ni ndogo kuliko madhara yake.

La tatu ni mwendo wa pole wa msafara. Gari likitembea taratibu, upepo wa kupoza rejeta hupungua na injini huchemka. Mkanda wa feni ukazwe, na rejeta isafishwe kabla ya safari.

La nne ni magurudumu madogo ya jukwaa na pini za kuzuia jeneza. Magurudumu yaliyokwama huweza kubadilishwa kwa mapya yaliyokerezwa kwa mbao ngumu. Pini zijaribiwe kila safari, hasa kabla ya kupanda milima ya Manyovu.

Funzo la Liemba

Wakazi wa Kigoma wana ushahidi wao kwamba chombo cha zamani huokolewa na matunzo. Wajerumani walipoizamisha meli yao mwaka 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924, mitambo hiyo iliweza kufufuliwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Gari linalokaa wiki kadhaa bila msiba nalo lataka grisi, na injini kuwashwa mara moja moja.

Mwisho ni hesabu. Kila malipo yanapoingia, sehemu yake itengwe kwa vipuri, na zinazowahi kuchakaa ziwekwe akiba ndani ya gari: mkanda, mpira wa rejeta, plagi na raba za breki. Mfiwa aliyefikishwa salama humtaja mwenye gari kwa jirani. Aliyekwamishwa njiani naye humtaja, na biashara hii haina tangazo kubwa kuliko hilo.