Jipsamu si dawa ya joto

Swali linalonifikia kila wiki ni lile lile, hubadilika jina la mtaa tu. "Mhandisi, nimehamia nyumba yangu ya vyumba vitatu Madale, joto halivumiliki, sebuleni nifunge AC ya HP ngapi?" Anayeuliza huwa ameshaezeka, ameshapiga jipsamu, ameshamwaga pevingi kutoka barazani hadi getini. Kisha huongeza maneno yanayonikera kuliko swali lenyewe: "Na jipsamu niliweka, tena ile nzito, lakini sioni tofauti."

Hawezi kuiona. Jipsamu haikutengenezwa kuzuia joto la bati, na fundi aliyemwambia hivyo alikuwa akiuza jipsamu.

Tuanze na hesabu. Saa sita mchana, anga likiwa jeupe, jua la Dar es Salaam huleta karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Nyumba ya vyumba vitatu ina paa la mita za mraba 150, pengine zaidi. Hizo ni kilowati 150. AC ya HP moja na nusu, ile unayotaka nikutajie, huondoa chumbani kilowati tatu na nusu za joto. Sisemi kwamba jua lote la paani huingia ndani. Lakini asilimia tano tu ikiingia, AC mbili zimeshazidiwa kabla hatujahesabu kuta, madirisha, friji na watu.

Bati la msauzi la rangi ya mkaa, ambalo siku hizi kila ramani inalitaka, hunyonya sehemu kubwa ya jua hilo na kuvuka nyuzi 60 bila shida. Sasa sikiliza joto hilo linavyoshuka, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Hewa moto hupanda juu, hilo kila mtu analijua, na kwa sababu hiyo hudhani joto la bati litabaki huko huko darini. Bati lenyewe halisubiri hewa. Linatoa miale ya joto kuelekea chini, kama ile unayoihisi usoni ukisimama hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa hata upepo ukiwa unatoka mgongoni kwako. Miale hiyo inaipiga jipsamu kwa juu. Bodi ya milimita 9 inapashika, na uso wake wa chini, ule mweupe uliopambwa taa na mikanda, unaanza nao kutoa miale kuelekea kitandani kwako. Saa tisa alasiri panda ngazi uweke kiganja kwenye dari ya chumba cha kulala. Kisha shuka ukiweke sakafuni. Huhitaji kipimo changu.

Kwa wanaotaka namba: bodi hiyo ya milimita 9 ina ukinzani wa joto wa takriban 0.05 kwa kipimo tunachotumia katika fani. Pamba ya glasi ya sentimita 5 ina takriban 1.25, yaani mara 25. Ukinunua "ile nzito" ya milimita 12 unafika 0.07. Umelipa zaidi, umebebesha kenchi mzigo zaidi, na umebaki pale pale.

Najua jibu linalofuata, nimelisikia sait nyingi: "Lakini kabla ya jipsamu palikuwa pabaya zaidi." Ni kweli, na ndiyo maana imani hii haifi. Chochote utakachotandaza kati ya kichwa chako na bati kitakata miale ya moja kwa moja, iwe mkeka, turubai au kanga. Unalinganisha dari na kutokuwa na dari. Hakuna aliyewahi kukuonyesha dari yenye kizuizi halisi cha joto juu yake, kwa hiyo umeridhika na kidogo ulichopata, na umekilipia kwa bei ya kitu kingine.

Jaribu mwenyewe kabla ya kununua. Mchana wa jua kali, lala chini ya bati moja lililoegeshwa juu ya tofali, uso ukitazama juu. Mtu apitishe kipande cha jipsamu kati yako na bati, pasipo kuligusa. Utapata nafuu, kisha baada ya muda joto linarudi polepole kwa sababu bodi imeshapashika. Aitoe, apitishe karatasi ya alumini inayong'aa. Nafuu inakuja papo hapo na inakaa. Alumini safi inayong'aa hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya miale ambayo jipsamu, zege au mbao hutoa katika joto lile lile. Haina uchawi, ila ina sharti moja ambalo mafundi hulivunja kila siku: lazima upande unaong'aa ubaki na nafasi ya hewa mbele yake. Ukiibana kati ya bati na papi zikagusana, umefanya kazi bure. Ukiilaza juu ya jipsamu ikitazama juu, vumbi litaifunika na baada ya misimu kadhaa itakuwa karatasi ya kawaida. Mahali pake ni chini ya papi, ikining'inia kidogo, uso unaong'aa ukitazama chini darini.

Na paa la kuficha limezidisha balaa. Nyumba nyingi za mtindo huo nilizozikagua hazina upenu, kwa hiyo kuta zinapigwa jua na mvua waziwazi, na dari imezibwa pande zote kwa ukuta wa kuficha bati. Hewa ya darini haina pa kutokea. Mwenye nyumba amelipia tofali za ziada ili alifungie joto ndani. Linaniuma hili, kwa sababu watu hawa wanajenga mara moja maishani, kwa akiba au mkopo wa miaka.

Kama bado una kiwanja na ramani, haya hapa, na mengi hayaongezi gharama. Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, na hata Juni adhuhuri linakuwa juu kiasi kwamba upenu wa sentimita 90 unatia kivuli mita moja na nusu ya ukuta. Jua la asubuhi na jioni ndilo linaloingia kwa ubavu, basi mashariki na magharibi weka stoo, choo, madirisha madogo na mti. Mpango huo huo unapokea kaskazi na kusi, upepo ambao babu zetu walisafiria. Madirisha ya kuslaidi hufunguka nusu tu. Ya luva au ya bawaba hufunguka karibu yote. Weka dirisha jingine ukuta wa pili, upepo upate pa kutokea.

Bati liwe jeupe au la rangi nyepesi. Acha matundu yenye wavu kwenye upenu na njia ya hewa karibu na kofia. Pangaboi la wati 70 likikupulizia hewa kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde unahisi kama joto limeshuka nyuzi tatu hivi. AC itakula kilowati nzima. Ukishapanga hayo, chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na HP moja ya inverta, na sebuleni huenda usihitaji. Sola inapunguza LUKU, haipunguzi joto. Feni za maji waachie Dodoma, hewa ya pwani imeshajaa unyevu. Vivyo hivyo kuta nene za tofali za kulaza: kwenye tembe la Wagogo udongo mzito unafanya kazi kwa sababu usiku wa kule unapoa, hapa usiku haupoi vya kutosha, na ukuta unakurudishia joto ukiwa umelala.

Uliyekwisha kuhamia, tandaza pamba ya glasi juu ya jipsamu uliyonayo, fundi akiwa amevaa barakoa na glavu, toboa matundu ya hewa pande mbili zinazokabiliana, na ng'oa pevingi ya upande wa magharibi upande majani. Uliye kwenye kenchi, mwambie fundi asipigilie bati la kwanza mpaka upande juu mwenyewe uone alumini ilivyokaa.