Kupanga Kalenda ya Mafundisho na Habari za Mwaka: Kanisa, Mvua na Mwezi katika Mwambao wa Matema



Kila mwaka, Majilio yanapokaribia, makatekista, viongozi wa Halmashauri Walei na wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukabiliwa na swali moja: mwaka ujao tutawafundisha waamini nini, tutawapasha habari gani, na lini? Mahali pengi swali hili hujibiwa juma kwa juma. Tangazo huandikwa Jumamosi usiku, na fundisho huchaguliwa kwa kuwa sikukuu imeshafika mlangoni. Katika makala hii tunapenda kueleza namna ya kupanga kalenda ya mwaka mzima ya mafundisho na habari, tukichukua mfano wa Matema na vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Huko mvua, mpunga na mwezi huamua mambo mengi kuliko saa ya ukutani.

Kanisa limepanga tangu mwanzo

Kupanga mapema ni desturi ya kale ya Mama Kanisa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka siku moja. Kwa kuwa Aleksandria ilisifika kwa elimu ya nyota na hesabu, Askofu wa mji huo alikuwa akiwaandikia waamini barua kila mwaka ili kuwatangazia tarehe ya Pasaka na mwanzo wa mfungo. Ndani ya barua hizo aliweka pia mafundisho ambayo watu waliyahitaji wakati huo. Barua ya Mtakatifu Athanasi ya mwaka 367 ndiyo iliyoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua leo. Tangazo la tarehe likabeba katekesi, na katekesi hiyo ingali inatufaa baada ya karne nyingi.

Desturi hiyo haijafa. Misale ya Kiroma ina tangazo maalumu la sikukuu zinazohamahama, ambalo huweza kuimbwa katika Sherehe ya Epifania baada ya Injili. Kwa tangazo hilo waamini hujulishwa mwanzoni mwa mwaka siku ya Majivu, ya Pasaka, ya Pentekoste na ya Dominika ya kwanza ya Majilio yajayo. Parokia inayopanga kalenda yake inaifuata njia hiyo hiyo.

Tabaka la kwanza: mwaka wa Liturujia

Kalenda nzuri hujengwa kwa tabaka tatu, na la kwanza ni mwaka wa Liturujia, kwa sababu ndio unaobeba fumbo la wokovu wetu. Mwaka ujao utaanza Dominika ya tarehe 29 Novemba 2026. Utakuwa Mwaka B, ambamo Injili ya Marko husomwa zaidi siku za Dominika, na masomo ya siku za kawaida yatakuwa ya Mwaka wa I. Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10 Februari 2027, Pasaka tarehe 28 Machi, Pentekoste tarehe 16 Mei, na Sherehe ya Kristo Mfalme tarehe 21 Novemba.

Anayeandika tarehe hizi mapema huona mambo ambayo anayengoja hayaoni. Kwa mfano, tarehe 25 Machi 2027, ambayo kwa kawaida ni Sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria, itaangukia Alhamisi Kuu. Kwa hiyo sherehe hiyo itahamishiwa Jumatatu ya tarehe 5 Aprili, baada ya Oktava ya Pasaka kukamilika. Vilevile Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, itafuata kesho yake baada ya Majivu. Fundisho moja linaweza basi kuunganisha toba na kuwatembelea wagonjwa, badala ya mafundisho mawili kugombea juma moja.

Tabaka la pili: siku za Kanisa la ulimwengu na la taifa

Tabaka la pili ni siku ambazo Kanisa limezitenga kwa nia maalumu. Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo huwa kati ya tarehe 18 na 25 Januari. Dominika ya Neno la Mungu, iliyoanzishwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2019, itakuwa tarehe 24 Januari 2027. Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, matunda ya hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani ya tarehe 4 Desemba 1963, iliadhimishwa mara ya kwanza tarehe 7 Mei 1967, na mwaka ujao itakuwa tarehe 9 Mei. Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee itakuwa tarehe 25 Julai, Dominika ya Kimisionari tarehe 24 Oktoba, na Siku ya Maskini Duniani tarehe 14 Novemba. Hapo huongezwa Ujumbe wa Kwaresima wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, mwezi Mei na Oktoba kwa ibada ya Bikira Maria, na mwezi Novemba kwa kuwaombea marehemu.

Si lazima kila siku ipewe fundisho refu. Parokia ndogo ikichagua siku nane au kumi kwa mwaka na kuziandaa vizuri, itawajenga waamini kuliko ikizitaja zote kwa sentensi moja moja.

Kwa Matema, Juma la Kuombea Umoja lina uzito wa pekee. Ndugu zetu Walutheri wana historia ndefu katika mwambao huu, na hospitali yao ya Matema inawahudumia watu wa madhehebu yote. Kalenda ikionesha juma hilo miezi miwili kabla, kuna nafasi ya kuzungumza na majirani na kusali nao, mbali na kuwataja katika nia za Misa.

Tabaka la tatu: maisha ya watu wa ziwani

Tabaka la tatu ndilo husahaulika, nalo halipatikani katika kalenda yoyote iliyochapishwa mjini. Ni mwaka wa watu wenyewe.

Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini Tanzania. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, na hufikia kilele kati ya Machi na Mei. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, mashamba ya tambarare hufunikwa na maji, na njia za kwenda vigangoni huharibika. Semina ya viongozi wa vigango iliyopangwa mwezi Aprili itawapata wale wanaokaa karibu na kanisa tu, ilhali ikiwekwa kati ya Julai na Oktoba, hata mama wa kijiji cha mbali atafika.

Mpunga nao hupandwa mvua zinapoanza na kuvunwa zinapoelekea kuisha. Miezi ya Januari na Februari, familia nyingi zimeshatoa akiba yao shambani, na wakati huo huo zinalipia mahitaji ya watoto wanaorudi shuleni. Mchango wa ujenzi ukitangazwa miezi hiyo, aliye maskini huaibika mbele ya wenzake, na wengine huacha kuhudhuria jumuiya kwa sababu ya aibu hiyo. Tangazo lile lile likitolewa baada ya mavuno, pamoja na fundisho juu ya shukrani na zaka, hupokelewa kwa furaha. Kadhalika, onyo dhidi ya kuuza mpunga ukiwa bado shambani kwa bei ya hasara linafaa kutolewa kabla njaa haijabisha hodi, kwa maana mtu akishapokea fedha ya mnunuzi onyo hilo halimsaidii tena.

Halafu kuna mwezi. Wavuvi wa usipa huvua usiku kwa taa, na taa huvuta samaki vizuri zaidi wakati wa giza. Mbalamwezi inapoangaza, wengi wao hupumzika nyumbani. Tukumbuke kwamba Pasaka nayo hufuata mwezi: ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza ulioangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa sababu hiyo, Juma Kuu huwa daima karibu na mbalamwezi, wakati wavuvi wapo nyumbani na wanaweza kuungana na familia zao katika siku tatu kuu za Pasaka. Jumatano ya Majivu, kinyume chake, huwa daima karibu na mwezi mwandamo, usiku wa giza, wavuvi wanapokuwa kazini usiku kucha na kulala asubuhi. Mahali ambapo ibada ya Majivu huwekwa alfajiri tu, kundi hili lote hukosa mwanzo wa Kwaresima, nasi twaweza kudhani kwamba ni wazembe. Ibada ya pili ya alasiri, kabla mitumbwi haijatoka, ingewafikia. Hili ni jambo la kuzungumza na paroko miezi kadhaa kabla.

Soko la Jumamosi la Lyulilo nalo lihesabiwe. Wafinyanzi wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na watu wa vijiji vingi hukutana hapo. Mkutano wa WAWATA ukiwekwa Jumamosi asubuhi utawakosa akina mama hao, lakini tangazo likipelekwa sokoni siku hiyo hiyo litafika hadi Ikombe.

Kuhesabu kurudi nyuma

Tabaka hizi tatu zikishaandikwa kwenye karatasi moja, mwezi kwa mwezi, kazi inayofuata ni kuhesabu kurudi nyuma. Tuchukue mfano wa jambo lenye kugusa uhai. Wilaya ya Kyela imewahi kupata milipuko ya kipindupindu, na maji ya mafuriko yanapochanganyika na ya visima hatari huongezeka. Fundisho juu ya kuchemsha maji ya kunywa, kutumia choo, kunawa mikono kwa sabuni na kumwahisha mgonjwa kituo cha afya likitolewa mwezi Aprili, litawakuta wengine makaburini. Linapaswa kuwa limeshafika kila jumuiya ifikapo tarehe 29 Novemba, Dominika ya kwanza ya Majilio, ambayo kwa asili yake ni mwaliko wa kukesha.

Basi tuhesabu. Ili lisomwe katika jumuiya kuanzia juma la tarehe 15 Novemba, paroko alipitie kabla ya tarehe 8. Ili paroko alipate, mwandishi alimalize kufikia mwisho wa Oktoba. Ili mwandishi aandike kweli tupu, muuguzi au mganga aombwe maelezo mwanzoni mwa Oktoba. Kila hatua iandikwe pamoja na jina la mhusika mmoja, kwa sababu kazi ya wote mara nyingi huwa si kazi ya yeyote. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Kwa hiyo, kila mstari wa kalenda uwe na mambo matano: tarehe, jambo lenyewe, walengwa, mwandaaji, na njia ya kuwafikia. Njia ni nyingi: matangazo mafupi baada ya sala ya baada ya Komunyo, ubao wa kanisa, mkutano wa jumuiya, ujumbe wa simu, na pia mtu kutumwa kwa miguu. Mahali ambapo wazee huelewa zaidi Kinyakyusa au Kikisi, iandikwe nani atakayefafanua kwa lugha hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kalenda iachiwe nafasi. Misiba, mafuriko na barua ya Askofu haviombi ruhusa. Tunashauri walau juma moja kila mwezi libaki tupu, ili la dharura lipate mahali bila kulifukuza lililoandaliwa.

Pili, kalenda isiandaliwe na mtu mmoja sakristiani. Wakae pamoja paroko, katekista, mwakilishi wa WAWATA, wa UWAKA na wa VIWAWA, na walau mvuvi mmoja na mkulima mmoja. Yeye anayejua lini mto hufurika ana neno la kusema juu ya lini mafundisho ya ndoa yafanyike.

Tatu, heshima ya watu ilindwe. Habari za mgonjwa, picha za watoto na majina ya waliosaidiwa na Caritas visitangazwe bila ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka hivyo, na upendo wa Kikristo ulitaka hivyo kabla yake.

Nne, kila baada ya miezi mitatu kamati ijiulize: ni nani hakufikiwa? Swali hili lina faida kuliko kuhesabu matangazo yaliyosomwa.

Wapendwa katika Kristo, Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama (Lk 14:28). Kuketi huko ni sehemu ya ujenzi wenyewe. Tunazialika parokia zote, hasa zile za mwambao, zitumie miezi hii ya kiangazi kuandaa kalenda ya mwaka ujao, ili Majilio yatukute tumeshajua ni nani tunayemwendea na saa ngapi anapatikana nyumbani. Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, atuombee.