Damu na Limfu Mwilini Mwetu

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Bonyeza kidogo. Unasikia nini? Unasikia mapigo ya moyo. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika moja. Kila unapopiga, husukuma damu.

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Hiyo ni karibu robo ya debe. Damu hupita katika mishipa, ikapeleka chakula na hewa kila mahali mwilini. Kisha hurudi moyoni.

Ndani ya damu mna chembe ndogo sana. Chembe nyekundu hubeba hewa. Chembe nyeupe ni walinzi, hupigana na vijidudu vya magonjwa. Chembe nyingine hugandisha damu unapojikata.

Mishipa midogo kabisa ya damu huvujisha maji. Maji hayo hulisha mwili. Mengi hurudi katika damu, lakini mengine hubaki. Hayo yanayobaki huingia katika mishipa mingine, nayo huitwa limfu. Fikiri shamba la mpunga. Mfereji mmoja huleta maji, mwingine huondoa yaliyozidi. Mishipa ya limfu ni mfereji wa pili.

Limfu haisukumwi na moyo. Husukumwa zaidi na misuli yako unapotembea au unapolima. Mwishowe hurudi katika damu karibu na shingo.

Njiani limfu hupita katika tezi. Ziko shingoni, kwapani na kinenani. Humo chembe nyeupe huwakabili adui. Ndiyo maana ukijikata mguu kwa jembe, na kidonda kikaingia uchafu, kinena huvimba. Huo ndio mtoki.

Je, mfereji wa pili ukiharibika? Maji yatajaa shambani. Hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa wa matende. Mbu huleta vijidudu vya minyoo. Minyoo hao ni wembamba kama uzi. Huishi miaka mingi katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Mguu huvimba. Wanaume wengine hupata busha.

Wako wanaosema busha huletwa na kunywa madafu. Wengine husema mtu amerogwa. Si kweli. Ni minyoo, na minyoo huletwa na mbu.

Basi tufanye nini?

1. Lala ndani ya chandarua.
2. Dawa za matende zinapogawiwa kijijini, meza, hata kama hujavimba. Vijidudu huweza kukaa katika damu bila mtu kujua. Mama mjamzito na mgonjwa mahututi wamwambie mganga kwanza.
3. Mwenye mguu uliovimba auoshe kila siku kwa sabuni na maji safi. Aukaushe vizuri, hasa katikati ya vidole. Akikaa, auinue.
4. Mwenye busha aende hospitali. Busha hupasuliwa, na mtu hupona.

Tusimcheke mwenye matende. Akichekwa atajificha ndani, na akijificha hatatibiwa. Mwalike darasani akae pamoja nasi.

Maswali

1. Limfu husukumwa na nini?
2. Kwa nini mtu asiyevimba naye ameze dawa?
3. Hapa kijijini mbu huzaliana wapi? Tutafanya nini?