Riba ya SACCOS: asilimia ileile, pesa tofauti

Muulize mwanachama wa SACCOS mkopo wake ukoje. Mara nyingi atakutajia makato ya mwezi, siyo riba. Inaeleweka, maana makato ndiyo yanayougusa mshahara. Lakini hapo ndipo pesa inapopotea.

Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, marejesho miezi 12. Riba ikikokotolewa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho, utalipa riba ya 144,000. Ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, huku ukirejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 12,000, wa pili 11,000, hadi 1,000 mwezi wa mwisho. Jumla 78,000. Tofauti ni 66,000!

Kwa nini? Njia ya kwanza inakutoza hata kwa pesa uliyokwisha kuirudisha.

Na ukishindwa kulipa huumii peke yako: akiba yako ikiisha, wanafuatwa wadhamini wako. Kwa hiyo kabla hujasaini fomu, we uliza tu: riba inakokotolewa kwenye salio au kwenye mkopo wote?