Tundu na Njia: Maelezo juu ya Ugomvi wa Vyombo vya Kompyuta

Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa nini vyombo viwili vilivyounganishwa na kompyuta moja hugombana, na jinsi ya kutambua ugomvi huo ulipo. Huenda wasomaji wengine wakaona kwamba jambo hili ni la mafundi, wala si la wataalamu wa lugha. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipokwenda Chogo, katika wilaya ya Handeni, ambako Wazigua waliokimbia vita vya Somalia katika miaka ya 1990 walipewa makazi. Wahenga wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, na usemi wao umekaa mbali na ule wa ndugu zao wa Uzigua kwa zaidi ya miaka mia moja. Masimulizi ya wazee hao ni hazina kwa mchunguzi wa lahaja.

Nilikuwa na maikrofoni niliyoichomeka katika tundu la USB la kompyuta yenyewe. Diski ya kuhifadhia sauti pamoja na kipanya nilivitia katika kile kifaa cha kugawa tundu moja kuwa manne, ambacho mafundi hukiita habu. Diski ikaonekana, ikatoweka, ikaonekana tena. Basi nikaihamishia diski mahali pa maikrofoni, na maikrofoni nikaitia kwenye habu. Diski ikatulia, nami nikashukuru. Mzee akasimulia kwa muda wa saa mbili. Nilipofika Korogwe jioni na kusikiliza, nilisikia kuku, mvua juu ya bati, na sauti ya mzee kwa mbali kama ya mtu aliye chumba cha pili. Iliyonasa sauti ni maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya kompyuta.

Kosa langu lilianza katika neno. Mahali pa kuchomeka chombo wengine hupaita tundu, wengine mlango, wengine poti. Na tafsiri za mashine huandika hata bandari, neno ambalo mtu wa Korogwe, aliyezoea mto Pangani tu, atalicheka kwa haki. Mimi naona tundu lafaa kwa kile kinachoonekana na kuguswa. Lakini ndani ya mashine mna kitu kingine, ambacho napendekeza kiitwe njia, yaani pale umeme na habari zinapopitia. Idadi ya matundu si lazima iwe sawa na idadi ya njia, na ugomvi karibu wote hutokea katika njia.

Jambo hili si geni. Katika kompyuta za aina ya IBM PC, iliyotolewa mwaka 1981, milango ya mfululizo iliitwa COM1 hadi COM4. Majina yalikuwa manne, lakini kwa desturi COM1 na COM3 zilitumia mstari mmoja wa kuita kichakato, wa namba 4, na COM2 na COM4 zilitumia ule wa namba 3. Mtu aliyeweka kipanya katika COM1 na modemu katika COM3 aliona kipanya kikiganda mara modemu ilipoanza kazi, naye akalaumu kipanya.

USB, iliyotokea mwaka 1996, iliondoa taabu hiyo, illa ilileta ushirika wa namna nyingine. Kwa kanuni ya USB 2.0 tundu la kompyuta hutoa miliampia 500, na lile la USB 3.0 hutoa 900. Habu isiyo na umeme wake yenyewe hugawa kile ilichopewa, na kwa kanuni ya USB 2.0 kila tundu lake hupata miliampia 100 tu. Diski yenye sahani inayozunguka huhitaji umeme mwingi hasa inapoanza kuzunguka. Ikiukosa hujizima, hujaribu tena, na hujizima tena. Hayo ndiyo yaliyonipata Chogo.

La maikrofoni ni fiche zaidi. Chombo kisicho na namba yake ya pekee, kikihamishwa tundu, Windows hukipokea kama mgeni asiyepata kuonekana. Programu ya kunasia ilimtafuta mwenyeji wa zamani, haikumpata, ikarudi kimya kimya kwa maikrofoni ya ndani. Yaani dawa ya ugomvi wa kwanza ilizaa wa pili.

Namna ya kuchunguza wataalamu wa fonolojia wanaijua tayari. Twajua kuwa *p* na *b* ni fonimu mbili kwa sababu *pata* na *bata* hutofautiana kwa sauti moja tu. Kadhalika, badilisha kitu kimoja, kisha tazama: chombo kile kile katika tundu jingine, au chombo kingine katika tundu lile lile, usibadilishe vyote viwili kama nilivyofanya mimi. Windows ina orodha ya vifaa inayokubali kupangwa kwa kufuata miunganisho, na humo njia huonekana wazi kuliko matundu. Kisha nasa nusu dakika, uisikilize kwa spika za masikioni, kabla mzee hajaanza.

Juma lililofuata nilirudi Chogo na habu yenye umeme wake. Mzee alikubali kusimulia tena, na safari hii sauti ilinaswa vizuri. Masimulizi yalikwisha kwa dakika arobaini, na siku hiyo hakuimba.